Ujumbe wa Shemeji

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, mguu mmoja umefungwa waya, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya baiskeli. Mimi ndiye mwenye birika, kwa hiyo nasikia yote na sina haki ya kusema lolote, ingawa haki hiyo huwa naichukua bila kuomba. Kinyozi tunamwita Hakimu, maana huhukumu kabla ya kusikiliza. Fundi baiskeli ni Spana. Wa tatu ni Mzee Notisi, tarishi mstaafu, aliyebeba barua za watu miaka thelathini na sasa anabeba habari zao. Wa nne alikuwa Dakika, fundi saa, mpaka alipoondoka na mkewe kwenda ughaibuni, mwaka wa nne huu. Pembe yake ya benchi hatujampa mtu, tunaweka vikombe. Bado yumo kwenye kundi letu la simu, na visa vyake vya huko ndivyo sukari ya kahawa yangu: mara kakaanga kitunguu, kengele ya moto ikalia, jengo zima likashuka barabarani na nguo za kulalia, mara kafua sweta la mkewe kwa maji ya moto, likatoka la mwanasesere.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, Notisi aliweka simu yake katikati ya benchi, akatuchezea tena ile sauti iliyoingia Jumanne jioni. Tulishaisikia mara sita. Dakika anaongea huku anahema, unamsikia anavaa viatu:

"Mke wangu, ni mimi. Karatasi za kwenye friji zimejaa, sasa nakusemea humu. Wali nimeukuta, nimekula, ahsante. Usiku huu wanatuhamishia ghala la mbali mpaka Ijumaa, simu tunaziacha getini, usinitafute. Sasa sikiliza. Hospitali wamepiga. Kile kipimo cha kivimbe si Ijumaa tena, ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Mara ya kwanza ulipitiwa na usingizi kwenye basi, mara ya pili tukaisoma barua vibaya. Hii ya tatu ukikosa wanakufuta, unaanza foleni upya, na mimi naogopa kungoja tena. Omba ruhusa kazini. Leo siku ya kumi na moja sijakuona ukiwa macho. Nikirudi umeondoka, ukirudi nimeondoka. Haya."

Halafu mlango unafungwa.

Hakimu: Siku kumi na moja. Nyumba moja, kitanda kimoja. Hapo hakuna ndoa, hapo kuna zamu.

Spana: Si alituambia mwenyewe? Anapanda kitandani shuka bado lina joto la mwenzake.

Hakimu: La mwenzake au la jirani? Kikulacho ki nguoni mwako.

Notisi: Na haba na haba hujaza kibaba.

Kibaba cha nini, hakusema. Tulitikisa vichwa kama tumeelewa.

Spana: Mimi shida yangu friji. Mtu na mkewe wanaandikiana karatasi?

Notisi: Ofisini kwetu ukiona bosi ameacha kukuita, anakuandikia, jua unafukuzwa. Pale kuna talaka inaandikwa kidogo kidogo.

Hakimu: Mnazunguka tu. Kivimbe, kivimbe. Sisi watu wazima. Hicho kivimbe kina miezi yake, kitatoka na kitalia kikitaka maziwa.

Spana: Siku kumi na moja hawaonani, kitoke wapi?

Hakimu: Umejijibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tulicheka. Nami nilicheka, sijitoi. Nilimwaga na kahawa.

Pembeni, juu ya kreti lililopinduliwa, alikaa mama mmoja anayesambaza mikate kwa baiskeli. Alikuwa akingoja Spana amzibie pancha. Hatukumjua, ni siku yake ya kwanza pale. Spana alikuwa ameshika tairi lake muda wote huo kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Spana: Nawaambieni ukweli. Shemeji hayupo.

Notisi: Hayupo vipi?

Spana: Miaka minne, nani kasikia sauti yake? Visa vyote anasimulia Dakika. Anapika mwenyewe, anajiandikia karatasi mwenyewe, anajishukuru kwa wali.

Hakimu: Na sweta?

Spana: Kwa nini alilichemsha? Kupoteza ushahidi.

Notisi: Mimi nimewaza zaidi yenu. Ghala gani hilo mnaacha simu getini? Hiyo ni jela. Dakika kafungwa, anaona aibu kusema.

Hakimu: Basi hospitali ni mahakama.

Notisi: Na Alhamisi ni hukumu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Hapo hata benchi lilicheka kwenye ule mguu wa waya. Yule mama akaweka mkono shavuni.

"Samahani, kaka zangu. Huyo mkewe, yeye kaupata?"

"Kaupata nini, mama?" Notisi akauliza.

"Huo ujumbe. Nimesikia unaanza 'mke wangu'. Sasa kati yenu hapa, mkewe ni nani?"

"Katutumia sisi," Hakimu akasema.

"Nyie ndiyo. Na yeye?"

Notisi alichukua simu, akaisogeza machoni, akaisogeza mbali. Kundi zima lilikuwa limeisikiliza ile sauti tangu Jumanne. Chini yake hapakuwa na neno, ila vikatuni vya kucheka mpaka machozi, sita vya Hakimu, viwili vyangu. Jumanne jioni Dakika alikuwa bado njiani na simu yake mfukoni. Mtu mmoja angeandika "umekosea" Dakika angeuona.

"Mtu anakoseaje simu ya mkewe?" Spana akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Mimi nilijua. Dakika aliwahi kuniambia kwamba huko hana wa kuzungumza naye. Simu yake ina mazungumzo mawili tu, ya mkewe juu, yetu chini yake. Alikuwa anavaa viatu, kidole kikateleza.

Notisi akampigia. Imezimwa. Akapiga tena.

"Namba ya shemeji nani anayo?"

Kila mmoja akapekua simu yake, haikuwemo.

"Ndugu zake? Kwao ni wapi?"

Miaka yote aliyokaa shemeji hapa, mchana akimletea mumewe chakula benchini, alitusalimia mmoja mmoja kwa majina ya watoto wetu. Mwanangu alipougua alikuja kuniuliza anaendeleaje, siku tatu mfululizo. Sisi kwao hatukupajua.

"Saa ngapi?" Spana akauliza.

"Sita kasorobo."

"Za huko ziko nyuma kwa saa mbili. Saa tatu yao ni saa tano yetu."

Yaliyofuata kila mmoja aliyahesabu kwa vidole. Notisi alipoweka simu ile benchini, ilikuwa imebaki saa nzima. Tuliinywea kahawa. Sasa hivi yule mwanamke yuko kazini kwake, anapangusa au anabeba chochote anachobeba, na anajua kipimo chake ni kesho.

Spana aliliziba tairi kwa dakika chache, pancha lenyewe lilikuwa dogo. Mama akapanga mikate yake, akashika usukani, halafu akasimama.

"Kesho akichukua simu yake getini, mtamwambia nini?"

Alingoja jibu kweli, hakuuliza kwa kututukana, na hilo ndilo lililouma. Birika bado lilikuwa zito mkononi mwangu na hakuna aliyenyoosha kikombe. Mama akapanda baiskeli, akaenda zake.

Hakimu alitoa simu, akainama, akaanza kufuta vikatuni vyake, kimoja kimoja. Nami nikafuta vyangu.