Walinichukua kwa Ajili ya Miguu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mchungaji ameniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa, kwa hiyo mnisamehe. Magoti yangu bado hayajapona, na mimi mwenyewe nimechoka. Lakini hata mtu aliyechoka anaweza kusema Mungu ni mwema. Mungu ni mwema!

Mimi ni Amani, mtoto wa Mama Amani aliyekaa pale mstari wa pili, anayefanya kazi za nyumbani kwa watu wenye nazo kule mtaa wa Morningside. Tangu nikiwa sekondari pale Bluff, Mchungaji aliniweka katika protokoli, yaani wale wanaosimama nyuma ya watu wakati wa maombezi, ili anayeanguka akiguswa na Roho asipige kichwa kwenye hii sakafu ya zege. Nilikuwa na mwili mkubwa, lakini nilikuwa mwepesi. Kazi ile haitaki kilo kama watu wanavyodhani. Inataka miguu. Unapiga hatua fupi fupi, magoti umeyakunja kidogo, mikono tayari, macho hayamwachi mtu, maana hujui ataelekea wapi. Mwingine anaanguka nyuma, mwingine pembeni, mwingine anazunguka kwanza ndipo aende. Nimedaka wamama wa kila ukubwa katika ukumbi huu, na hakuna hata mmoja aliyeumia mikononi mwangu. Utukufu kwa Bwana!

Mmoja tu sikuwahi kumdaka, naye ni mama yangu. Yeye akiombewa husimama wima kama mlango. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mimi siwezi anguka. Nani iko nyuma yangu?" Mtu aliyetoka Uvira na mtoto mgongoni, akavuka nchi zote zile mpaka huku kusini bila wa kumshika mkono, ana haki ya kuuliza hivyo. Sikumuuliza tena.

Shuleni nilicheza ragbi. Mwalimu wangu alituma video zangu Amerika, na chuo kimoja kikaniita nikasome bure huku nikicheza mpira wao, ule wa helmeti na mabega ya plastiki. Ndugu zangu, kazi yangu huko ilikuwa ileile ya hapa! Kuna mtu nyuma yako anayetaka kurusha mpira, na mbele kuna watu wanaokuja kumwangusha. Wewe na wenzako wanne mnasimama katikati. Mpira hamuugusi. Mnarudi nyuma kwa hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa, mikono tayari. Kocha alipoona video aliniambia hajawahi kuona mtu wa mwili ule mwenye miguu ile, akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia, kanisani. Akacheka. Hakujua kwamba namaanisha.

Basi wakanichukua kwa ajili ya miguu. Nilipofika tu, wakaanza kuizika chini ya kilo. Waliosimama upande wangu kulia na kushoto walikuwa majabali, na kocha alisema miguu mizuri haitanisaidia nikisukumwa na jabali wa timu nyingine. Nikaambiwa nile. Mayai asubuhi, wali, nyama, maziwa, siagi ya karanga kwa kijiko, kisha tena, na tena. Ijumaa tunapanda mizani mbele ya wenzetu. Kilo ikipanda wanapiga makofi. Mtu unakula umeshiba, unakula unataka kutapika, unakula na machozi yanakutoka, na hakuna wa kumwambia, maana nani atamhurumia mtu kwa kula? Sisi tuliolala na njaa mara ngapi?

Nikimpigia mama simu nikilalamika, ananiambia, kwa lile jina lake la kunibembeleza, "Papa, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Na mimi wakati ule hata kuinama kufunga kamba za viatu siwezi! Nilikuwa nalala nimekaa, nikihema. Magoti yakavimba. Na miguu ile waliyoisifu ikawa inachelewa. Naona mtu anakuja, najua pa kwenda, mwili haufiki. Kocha akaona nimechelewa, akasema dawa ni kilo nyingine.

Katikati ya mwaka wakafunga chuo, nikaja nyumbani. Agizo lilikuwa moja, nirudi na kilo kumi zaidi, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine, na nikikosa nafasi sina masomo. Mama alinipokea kwa shangwe. Alinipikia bugali, ndio ugali wa kwetu, na samaki, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Nikimwuliza yeye mbona hali, anasema amekula kazini. Niliona nguo zinamlegea. Nilidhani ni kile kilima cha Morningside anachopanda kila asubuhi.

Jumapili ile Mchungaji aliita watu wa maombezi. Mama akatoka mbele, mimi nikasimama nyuma kama zamani. Kabla mkono wa Mchungaji haujamgusa, mama aliyumba, akaenda pembeni. Nilimwona, ndugu zangu. Nilijua pa kuweka mguu. Goti likakataa, mwili ukabaki pale kama kabati, na mama yangu akapita mbele ya mikono yangu. Aliyemuwahi ni Dada Neema, mwenzangu wa protokoli anayeomba pamoja na mama, mdogo vile mnavyomwona. Alimdaka amekaribia sakafu, mama akaumia bega, lakini kichwa hakikugusa sakafu. Nikasema, ameguswa na Roho. Dada Neema akanitazama, akasema polepole, "Hapana, kaka. Ni njaa. Mama yako iko anafunga juu yako. Anaomba upate kilo."

Mama alikuwa anafunga ili mimi ninenepe! Chakula chake alikuwa ananipakulia mimi, na mimi nilikuwa nakimeza bila hamu. Nilikaa chini kwenye zege nikalia kama mtoto. Nikamwambia Mungu, nimechoka. Kama unanitaka kule, nitwae na mwili ulionipa. Kama hunitaki, nipe mama yangu akila. Na pale pale, wapendwa, nira ile ya kilo ikavunjika. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Niliona tu kwamba siogopi tena mizani.

Tulifika nyumbani nikapika mimi. Mama alikataa mpaka nikamwambia sitatia tonge mdomoni kabla yake. Akala. Kesho yake nikampigia kocha, nikamwambia nataka kurudi na uzito niliokuja nao kwake. Si mtu mbaya, msimseme vibaya. Alisema miguu yangu ni mizuri, ila mtu mdogo anasukumwa tu, basi nafasi sina. Nikamshukuru.

Kuna ndugu hapa walioniambia nimepiga teke baraka. Eish, labda. Sasa hivi napakia sabuni kiwandani Jacobs, jioni nafika nimekwisha, na kitabu cha masomo nakifungua nikisinzia. Sisemi maisha ni mepesi. Nasema nalala chali na ninapumua, na mama anakula.

Jumapili iliyopita mama alitoka mbele tena. Mimi nyuma, kilo zimeanza kupungua, mwepesi kiasi. Mchungaji alimwombea, mama akasimama wima kama kawaida yake. Kisha nikaona mabega yake yamelegea. Hakuyumba. Alijiachia, mwenyewe, nyuma kabisa, macho yamefumbwa. Nilipiga hatua mbili fupi. Nilimlaza chini taratibu, akafumbua jicho moja, akasema, "Nilijua ni wewe iko nyuma."

Namshukuru Mungu kwa hilo, wala siombi kingine leo. Na wewe ndugu yangu uliyekaa hapo umejikaza, uliyebeba peke yako tangu ulikotoka, najua umechoka, maana hata mimi nimechoka. Njoo mbele. Bwana yuko nyuma yako, na hachelewi. Jiachie.