Gari la Profesa Ntakirutimana

Baada ya miaka kumi na minane katika taasisi yetu ya akiolojia, Profesa Pancras Ntakirutimana angestaafu rasmi tarehe 30 Juni 1980. Mauti yalimwahi mwezi Mei. Kwa kuwa sherehe ilikwisha kupangwa na wapishi wameshaambiwa, wakubwa wameagiza wasifu usomwe vilevile. Nimeombwa nimsifu, nami nitajitahidi.

Profesa alizaliwa Nyamiaga, Ngara, ambako kila mtoto anajua kwamba wazee huzikwa jirani na nyumba, kati ya migomba. Alisoma sana mpaka hilo akalisahau. Shimoni mwa uchimbaji aliingia na tai shingoni, na ole wake aliyemwita mzee badala ya daktari.

Mwaka 1976 alikwenda Nemba, Biharamulo. Miaka miwili kabla, Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamishia watu kando ya barabara, nyumba zikaanguka na migomba ikamezwa na magugu. Profesa akachimba, akapata mifupa ya mtu aliyezikwa na nyundo ya mhunzi. Akatangaza kuwa ni mhunzi wa kale, wa karne nyingi zilizopita. Shingoni mwa mhunzi huyo wa kale kulikuwa na medali ya Bikira Maria. Profesa hakubabaika. Aliandika kwamba medali ilipenya kutoka tabaka la juu la udongo, na kwa makala hiyo akapewa uprofesa.

Kisha akaja Domisiana, mjane kutoka Nemba, amepanda malori ya pamba hadi kwetu. Alimwamkia Profesa kwa heshima zote, akasema: "Huyo ni Xavery, mume wangu. Nyundo ni yake, na medali nilimvika mimi. Nipe mtu wangu nikamzike." Akajibiwa kwamba mifupa ni mali ya taifa. Alipokataa kuondoka, akaahidiwa gari la kumrudisha Xavery. Vita vikaanza, gari likaenda Kagera kubeba askari, na Profesa akamwambia asubiri kama Watanzania wengine. Vita vikaisha, gari likarudi, likampeleka Profesa kwenye mihadhara kuhusu mhunzi wa kale. Xavery akabaki rafuni, ndani ya sanduku. Aibu hii inanichoma hadi leo.

Profesa mwenyewe nduguze wamemzika Nyamiaga, kati ya migomba, chini ya msalaba wenye jina lake. Hakuna aliyeandika kwamba msalaba ule umepenya kutoka tabaka la juu.

Kwa desturi yetu, mstaafu husafirishwa hadi kwao pamoja na mizigo yake. Gari la Profesa lilikwisha kuidhinishwa, na yeye halihitaji tena. Kwa hiyo leo, baada ya pilau, litapakia sanduku moja na kwenda Nemba. Domisiana amepata habari, na kaburi limechimbwa.

Tunamshukuru Profesa kwa gari. Nawe Xavery, uliyetumikia taasisi hii bila kuombwa, nenda salama kwenu, ukapumzike kwa jina lako.