Kidude cha Hita

Basi lilikuwa halijafika hata kituo cha pili, na mshonaji alikwishatazama saa mara tatu. Mbele yake, fundi bomba aliyepakata boksi la spana alikuwa akibishana na mama mmoja asiyemjua.

"Mama, unaweka hita hadi mwisho, halafu unafungulia maji baridi uyapooze. Si unachoma umeme bure huko?"

"Asubuhi nina haraka, mwanangu. Nikiweka mwisho yanawahi kupata moto."

"Hayawahi! Kasi ni ileile. Yanapita tu pale ulipopataka, yanazidi kuchemka. Weka digrii hamsini, oga, nenda zako."

"Hamsini? Hayo ya kuogeshea vifaranga!"

Basi zima likacheka. Fundi hakucheka. "Ukipeleka mwisho, mama, ngozi inababuka. Ya mzee ndiyo usiseme."

Mshonaji naye hakucheka. Asubuhi hiyo, kwa pupa zake, alikizungusha kile kidude cha hita hadi mwisho, akaoga mbiombio, akatoka bila kukirudisha. Mama mkwe wake, aliyebaki nyumbani peke yake, huoga saa nne kamili. Vidole vyake vimekufa ganzi tangu mwaka jana, na ni kwa vidole hivyo anapimia joto la maji.

Saa tatu na nusu. Alipiga simu nyumbani, ikaita mpaka ikakata. "Shusha!" akampigia konda kelele.

Basi lilipomshusha na kuondoka, wale wawili walikuwa bado kwenye hamsini yao. Mshonaji alikuwa ng'ambo ya barabara, mikono yote miwili juu, akisimamisha basi la kurudi.