Mji Ambao Dramu Hajawahi Kuukata

Kijiwe cha Mama Wayua pale Majengo hakina bango wala mwavuli. Kina taruma moja la reli, gogo zito la kukalia, lililolazwa juu ya mawe mawili, jiko la makaa, birika la kahawa chungu yenye tangawizi, na ubishi usiolipiwa kodi. Hapo kila mtu ana jina la pili, na hilo ndilo linalotumika. Mbuthia, fundi wa mabati wa Kamukunji anayekata madramu ya mafuta kutengeneza majiko, ni Dramu. Nyongesa, aliyekuwa tarishi wa baraza la jiji na anayejua habari kabla hazijatokea, ni Redio. Mursal wa soko la mbuzi la Kiamaiko ni Bei, kwa sababu hata ukimwambia umefiwa atakuuliza jeneza lilikuwa bei gani. Na aliyeleta hilo taruma, mzee Zedekiah, mstaafu wa shirika la reli, ni Reli. Yeye hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na hakuna anayemkalia mahali pake.

Ijumaa hiyo Dramu alikuja na neno. Chama fulani cha mafundi kilikuwa kimemwalika Hamburg, Ujerumani, akawaonyeshe watu jinsi dramu linavyogeuka jiko kwa nyundo na mkasi tu. Jumanne anapanda ndege. Maonyesho yakiisha atakuwa na siku nne za bure kabla ya kurudi, na wenyeji wake wamesema watamkatia tiketi ya treni aende mji wowote atakaoutaja.

— Sasa wanangoja niseme ni gani, na mimi sijui, akasema. Nyinyi ndio wasomi. Nisaidieni.

Pale hakukuwa na msomi hata mmoja, lakini hakuna aliyekataa sifa.

Zedekiah aliposikia Ujerumani, alishika kikombe kwa mikono miwili. Binti yake Akech alikwenda huko kusomea uuguzi, katika mji unaoitwa Leipzig, na baba mtu alikuwa hajasikia sauti yake tangu mvua za mwaka jana. Hawakugombana. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuna neno alilolisema ambalo angeweza kuliombea msamaha. Simu tu iliacha kuita. Kijiweni hawakulijua hilo. Wao walijua Akech hupiga kila Jumapili baada ya ibada, kwa sababu Zedekiah aliwaambia hivyo, na kila Jumatatu aliwaletea salamu zake, kila mtu kwa jina lake. Wakimuuliza habari za Ulaya alijibu kutoka kichwani mwake. Uongo wenyewe ulianza kwa aibu, ukaendelea kwa mazoea. Leo alitaka kitu kimoja tu, Dramu achague Leipzig. Lakini utamwombaje mtu akakutafutie binti ambaye unaongea naye kila Jumapili?

Redio hakungoja kuulizwa.

— Siku nne mji mmoja? Hiyo ni ushamba, bana. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Wewe chovya Paris asubuhi, chovya Berlin jioni.

— Hiyo methali ni ya kukanya watu, Mama Wayua akasema akichochea makaa.

— Na mimi si ndio namkanya? Wahenga hao hao wakasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Akikaa mahali pamoja, siku ya tatu wanamletea jembe. Atalima shamba la mtu na hana hata koti la baridi.

Alikuwa na mpango bora zaidi. Alisema aliwahi kusoma kwamba kuna jiwe huko mahali ambapo nchi tatu zinakutana. Dramu akalisimamie jiwe hilo, mguu mmoja huku, mwingine kule, ainame mkono uguse ya tatu, apigwe picha. Siku nne zote akae hivyo hivyo. Akirudi atakuwa ametembea kushinda maafisa wote wa baraza.

Bei aliuliza hoteli za huko ni bei gani. Akaambiwa imeshalipwa, akasikitika kidogo, kisha akachangamka.

— Basi enda ile mahali ya mbuzi, Dramu. Si Reli alituambia? Akech alisema huko mbuzi hauzwi. Anawekwa mbugani, watu wanalipa kiingilio wamwangalie. Mimi hiyo maneno hainipi usingizi. Enda uniangalilie huyo mbuzi ako na nini.

Zedekiah akameza kahawa ikiwa bado ya moto. Mbuga hiyo aliitunga mwenyewe, Jumatatu moja ambayo Bei alimganda akitaka kujua beberu mnono anakwenda kiasi gani Ulaya.

— Labda nilisikia vibaya, akasema. Laini ilikuwa inakatakata.

— Hukusikia vibaya, mzee, Redio akamtetea. Inaingiana kabisa. Mbuzi wao wameisha. Na Dramu, sikiza nikwambie, hawakukuitia jiko hao. Wamekuitia choma. Jiko ni njia tu. Ukifika watakuuliza mbuzi kidogo kidogo, kwa heshima.

— Wakiuliza, wape namba yangu, Bei akasema, na hakuwa anatania.

Dramu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akaangalia viganja vyake vyenye makovu ya bati.

— Mimi miji ya huko naijua kwa mkono, akasema. Madramu yanakujanga na majina yamepigwa rangi ubavuni. Rotterdam nimekata. Antwerp nimekata, ngumu hiyo, inakula mkasi. Hamburg nimekata hadi nikazoea. Nusu ya mtaa huu inapikia juu ya Hamburg. Na kila siku najiuliza, ni nani huandikanga hizo majina? Anajua kuna mtu anasonga ugali juu ya mwandiko wake? Huyo ndio ningetaka kumwona. Nimsalimie tu.

Lilikuwa swali la kweli, na kila mmoja aliligeuzageuza kwa upande wake. Zedekiah akaona mlango umeachwa wazi.

— Leipzig, akasema.

— Nini hiyo?

— Mji. Leipzig.

Dramu akafumba macho, akayapitisha madramu yote ya maisha yake kichwani.

— Hiyo sijawahi kukata.

— Ndiyo sababu uende.

Akaanza kuusifia, na kwa mtu asiyependa maneno mengi aliusifia vizuri mno. Akawaeleza stesheni yake, paa la matao ya chuma na vioo, matao makubwa ambayo fundi wa bati akiyaona atashika kichwa. Akawaeleza reli zilivyopangana ubavu kwa ubavu, zote zikiishia mle mle ndani, kiasi kwamba treni ikiingia, imefika. Sauti yake ililegea aliposema hayo. Picha ya stesheni hiyo Akech aliituma siku alipotua, na maneno machache chini yake: Baba, ona, ungeipenda. Katika yote aliyowahi kuwasimulia kijiweni kuhusu Ujerumani, hilo pekee lilikuwa la kweli.

Redio akakunja uso.

— Hiyo umeijulia wapi, mzee?

— Kazini. Tulifundishwa.

— Lakini si Akech alisema kwao treni haifiki? Ati ni milimani?

— Hiyo ni kwao, Zedekiah akasema.

— Na simu je? Redio akaendelea. Si alisema huko siku za kazi simu zinazimwa kwa sheria, ndio maana anapiganga Jumapili pekee? Dramu akishukia huko Jumatatu, amepotea. Hatumsikii tena.

— Na kama wanazima simu, Bei akauliza, si pia treni wanazima?

— Wanazima kila kitu! Ndio maana wameendelea hao. Jumatatu hadi Jumamosi nchi nzima imenyamaza, inafanya kazi. Sisi huku tunapiga porojo siku saba na tunashangaa kwa nini barabara ina mashimo.

Zedekiah alisikiliza huku matofali aliyoyafyatua mwenyewe yakijengwa ukuta mbele ya macho yake. Kila akitafuta tofali la kuchomoa, aliona ukuta wote utamwangukia. Alijuta, na alijichukia kwa kujuta akiwa amechelewa.

— Basi mimi nitabaki tu Hamburg, Dramu akasema mwishowe. Afadhali mji ambao najua bati lake.

Mzee akakizungusha kikombe mikononi.

Hapo ndipo Sally alipopita kati yao na kikombe chake. Alikuwa amehamia juzi tu kutoka mtaa wa Komarock, akafungua kibanda cha viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, hapo ubavuni, na mabati yaliyomtenga na kijiwe hayakumzuia kusikia neno hata moja. Akawaamkia, akanyoosha kikombe kwa Mama Wayua, kisha akageuka.

— Samahani wazee wangu, mimi ni mgeni hapa, nauliza tu. Huyu Akech mnasema sana, anaishi mji gani?

Redio akavuta pumzi ya kujibu, akaishia kuishikilia. Bei akamtazama Dramu. Dramu akamtazama Mama Wayua. Walijua mbuzi wa Akech, simu za Akech, milima ya Akech. Walikuwa wamepokea salamu zake kila Jumatatu na kumrudishia zao. Mji wake hakuna aliyeujua. Mmoja baada ya mwingine wakamgeukia aliyekaa mwisho wa taruma.

— Mzee, Dramu akasema polepole. Kwani Akech anakaa wapi?

— Leipzig.

Dramu akatoa simu mfukoni.

— Sasa hiyo si ungesema tangu saa ile, mzee wangu? Nipe namba yake. Nitampigia anipokee hapo kwa stesheni yenu.

— Namba iko. Haiiti.

— Nitapiga Jumapili.

— Hata Jumapili haiiti, Mbuthia. Haijaita tangu mvua za mwaka jana. Hizo salamu nilikuwa nawapa mimi.

Mzee alikuwa hajawahi kumwita Dramu kwa jina lake halisi. Redio, ambaye ana methali ya kila msiba na kila harusi, alitazama viatu vyake. Bei ndiye aliyesogea kwanza juu ya taruma, akakaa bega kwa bega na mzee.

— Hata ile ya mbuzi?

— Hata ile ya mbuzi. Nisamehe.

Bei akatikisa kichwa.

— Ilikuwa habari tamu lakini, akasema.

Mama Wayua akaja na birika, akamjazia Zedekiah bila kumuuliza. Mzee hakunywa. Aliogopa wataanza kumwonea huruma, na akaona hawana hata nafasi hiyo, kwa maana walikuwa wameshaanza kupanga. Sally alisema wauguzi wa kwetu wakiwa ugenini hujuana, ukimpata mmoja umewapata wote. Redio akasema Dramu aanzie hospitali kubwa, na safari hii hakuongeza kitu.

— Nitaenda, Dramu akasema. Mji sijaukata, lakini nitauliza mlango kwa mlango. Sasa wewe niambie, mzee. Nikimpata, nimwambie nini?

Zedekiah akainua kichwa. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amemsemea Akech kila Jumatatu, na hakuwahi kukosa la kusema. Leo ameulizwa maneno yake mwenyewe, na alipoyatafuta hakuyapata. Alitaka kuuliza kama anakula. Alitaka kuuliza kama ni yeye aliyekosa. Alitaka kumwambia stesheni ni nzuri, na kwamba picha bado anayo. Kila neno aliloliokota lilionekana dogo, akalirudisha.

Mama Wayua akaliinamisha birika juu ya kikombe cha Sally. Likatoa machicha.

— Kahawa imeisha, wazee.

Hakuna aliyesimama. Dramu alikuwa bado anangoja, mikono imetulia magotini.

— Nipe mpaka Jumapili, Zedekiah akasema.