Motokari ya Papa Kioo Inasema

Kwenye kona ya Bagira ambapo minibasi za mjini hugeuzia, kuna benchi la mbao mbele ya meza ya kahawa ya Maman Bintu. Kuanzia saa tisa mchana wanaume wanne hukaa hapo kuyahukumu magari yanayopita. Delphin, fundi wa umeme wa magari, anaitwa Boji, yaani plagi ya injini. Zagabe, aliyeendesha lori la Shabunda miaka ishirini na miwili, anaitwa Bila Freni, na analipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Blanchard, mwalimu wa hesabu, hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini anazijua injini zote kwa namba. Huyo ni Katalogi. Wa nne ni Papa Honoré, karani wa ofisi, aitwaye Kioo kwa sababu hawezi kumaliza kikombe cha kahawa bila kuinuka kwenda kufuta vioo vya gari lake. Gari lenyewe ni la kijivu, usukani kulia, limetoka Japani na kuja na mdomo wake: ukiliwasha tu, sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kijapani, polepole na kwa adabu. Mwaka mzima sauti hiyo ilikuwa kichekesho cha kijiwe. Alhamisi hiyo haikuwa kichekesho tena, maana Boji alikuwa ameitoa jana yake.

— Boji, sema mbele ya batu, Kioo alianza. Ile kitu ulitoa ao haukutoa?

Boji akafungua mfuko wake wa vifaa, akatoa kisanduku cheusi chenye nyaya zilizokatwa, akakiweka mezani karibu na birika.

— Njo hii. Maman Constance alisema hatapanda tena motokari ya bwana yake kama ule mwanamuke wa ndani hajanyamaza. Nikatoa. Na baffle, spika yake, nikakata.

— Sawa. Leo asubui nimewasha, na mwanamuke amesema. Constance alikuwa pembeni yangu. Ameshuka, ameenda kanisa na mguu.

Alisema hivyo kwa uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Jambo hilo ndilo lililomtisha Boji, kuliko hata habari yenyewe.

— Munaelewa maana yake? Kioo akaendelea. Batu benyi banasema banapenda motokari. Banapenda kuonekana ndani! Mupenzi wa kweli ni mwenye motokari yake inamujibia. Mi naosha hii gari asubui na mangaribi. Siège, viti vyake, iko mu nailo tangu ilifika. Hakuna hata mutu moja mwenye alikaa kule nyuma. Sasa imeona roho yangu.

— Roho gani! Bila Freni akacheka hadi kahawa ikamwagika. Kupenda motokari ni kulala chini yake siku tisa mu matope ya Mwenga, unakula muhogo mubichi, na unaibembeleza kama mugonjwa. Weye unapenda nailo.

— Bote babili munadanganyika, Katalogi akasema kwa sauti ya ubaoni. Kupenda ni kujua. Motokari ya leo iko na mémoire, inakumbuka. Boji ametoa mémoire ya kwanza. Iko ya pili, karibu na batri.

— Hakuna ya pili, Boji akasema.

— Umefungua ordinateur, kompyuta yake?

— Nimefungua yote, Katalogi. Hakuna.

Bila Freni akaegemea mbele, akashusha sauti. Alipofanya hivyo kila mtu alijua anakuja na la Shabunda.

— Basi minaweza kuwaambia. Tulikuwaka na lori moja, ilianguka na batu ba ndoa. Tukabadirisha moteur, tukabadirisha kabine, hata klakson, honi yake, tulitia mupya. Kila tukifika ile kona ilianguka, klakson inapiga yenyewe, vile banapigaka ku ndoa. Motokari haisahau mwenye ilibeba.

— Kama ni vile, Katalogi akasema, akisahau kabisa mémoire yake ya pili, huyu ni bibi ya mwenyewe wa kwanza. Bwana alikufa kule Japani. Bibi iko anamutafuta. Kila mutu akiingia, anauliza kama ni ye.

— Ananisalimia mimi, Kioo akasema kwa ukali.

— Ao anasalimia mwenye iko nyuma yako, Katalogi akamjibu.

Maman Bintu, ambaye wiki saba nzima alikuwa akiwamiminia kahawa bila neno, akaweka birika chini.

— Tangu siku gani ule mwanamuke alianza kusema sana? akauliza. Zamani alikuwa anasema maneno matatu, ananyamaza. Sasa anasemaka mupaka motokari inazimwa. Tangu siku gani?

— Sijui, maman, Kioo akajibu.

— Unajua. Tangu ile mvua ya mwezi wa ine.

Boji akainamisha uso kwenye kikombe chake. Siku ile ya mvua walikuwa hapahapa, wanne hawa hawa. Apolline, mpangaji wa nyumba ya bati upande wa pili wa barabara, alitoka amejishika tumbo, mimba ya miezi minane, damu ikimchuruzika miguuni. Mumewe alikuwa machimboni. Maman Bintu akamkalisha ukingoni mwa barabara, akampigia kelele Kioo alete gari. Kioo alisimama na ufunguo mkononi, akiangalia viti vyake. Alikuwa akisitasita tu; neno moja jema lingetosha kumsukuma. Na neno lilisemwa, ila Boji ndiye aliyelisema, tena kwa sauti ya kitaalamu, kama mtu anayetoa ushauri wa bure:

— Papa Honoré, damu haitokaka ku tissu ya kiti.

Ufunguo ukarudi mfukoni. Maman Bintu akakimbia kwenye mvua kutafuta pikipiki, nao wanaume wakamwacha pale, wakaingia chini ya bati la duka la jirani. Mvua ilikuwa nene, barabara haikuonekana. Bintu aliporudi na dereva wa pikipiki, Apolline hakuwepo. Wakaambiana kwamba bila shaka mtu mwenye roho alipita akambeba. Baada ya siku chache ikaja habari kwamba amefia hospitalini, na tangu hapo kijiwe hakikumtaja.

Kitu kimoja Boji hakumwambia mtu yeyote. Mvua ilipokatika alienda kuegemea kapo, boneti ya gari la Kioo, ambalo lilikuwa palepale lilipoegeshwa tangu asubuhi, na kapo ilikuwa ya moto. Alijiambia ni jua. Jua halikuwa limetoka.

— Tuwashe, Bila Freni akasema. Tusikie, halafu tujue.

Kioo akainuka. Akafungua mlango, akaketi, akazungusha ufunguo. Injini ikaitika kwa upole. Wakangoja, kila mmoja akitazama kile kisanduku mezani, ambacho hakikuwa na pa kupata umeme.

Sauti ikasema.

Haikutoka mbele, kwenye dashibodi, kama zamani. Ilitoka nyuma, chini, usawa wa mtu aliyelala kwenye kiti. Maneno yalikuwa mengi na taratibu, namna mama anavyosema na mtoto mwenye homa akimpapasa kichwa. Boji hakujua Kijapani hata neno moja, lakini alielewa kwamba mtu anatulizwa. Machozi yakamjaa, naye akaogopa, vyote kwa pamoja.

Kioo akazima haraka, akatoka, akabaki ameushikilia mlango.

— Mwaonaje, bapapa. Hapa njo kijiwe ya bapenzi wa motokari?

Aliyeuliza alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na mitano, kitenge cha safari kiunoni, mfuko wa mchele mikononi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jeupe la bonde la Ruzizi.

— Njo hapa, mama, Katalogi akajibu kwa shida.

— Minaitwa Larissa. Natoka Luberizi. Dada yangu alikuwa anapanga ile nyumba kule. Apolline.

Maman Bintu akashika ukingo wa meza.

— Nilikuwa nataka kuja mbele ya leo, lakini tulikuwa na kilio, Larissa akasema. Nimeleta muchele, ni ya shamba yetu. Ni ya mwenye motokari mwenye alimupeleka hospitali.

— Mama, alikufa, Bila Freni akasema. Tulisikia.

— Alikufa, papa. Siku ya tatu. Lakini mutoto iko. Ni mwanamuke, iko nanyonya ku ndugu yetu, analia na nguvu! Docteur alisema kama angechelewa dakika kumi, bangekufa bote babili. Njo maana tunataka kusema aksanti.

Wanaume wakaangalia chini. Larissa akadhani wanamhurumia, akatabasamu.

— Dada alinielezea yote mbele ya kufa. Alisema ilikuwa motokari ya grise, rangi ya kijivu. Alilala ku kiti ya nyuma. Na kulikuwa mama moja, hakumuona sura, alikuwa anamusemesha njia yote na luga yenye hajui, pole pole, mupaka woga ikamutoka. Walipofika, mulango ikafunguka, baganga bakamupokea.

— Ufunguo haikutoka mu mufuko yangu, Kioo akanong'ona. Hata mara moja.

Boji akasimama. Wiki saba alikuwa akilibeba neno lile kifuani, na sasa mwenye haki ya kulisikia alikuwa mbele yake, amebeba zawadi.

— Dada, usitupatie muchele. Motokari ya grise ni ile. Lakini hatukumubeba. Alikuwa anakufa pale, karibu na hii benchi, na mi njo nilisema asipande. Nilisema damu haitokaka ku tissu. Hakuna mutu hapa mwenye alimubeba. Nisamehe ao usinisamehe, lakini njo vile ilikuwa.

Tabasamu likamtoka Larissa. Alimtazama Boji, akalitazama gari, akamrudia Boji, na alipofungua kinywa hasira haikuwemo, ila alikuwa hajaelewa.

— Lakini dada alifika, papa. Na mutoto nimemubeba na hii mikono. Sasa nani alikuwa naendesha?

Bila Freni aliangalia mikono yake mwenyewe. Kioo alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, karibu na gurudumu. Larissa akawatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Maman Bintu, akingoja aonyeshwe mtu wa kumpa mchele.