Fundi Mkubwa Hajulikani

Benchi letu ni la kanisani. Lilitupwa nje mwaka walipoleta viti vipya, Seremala akaliokota, akalitia miguu mingine, akaliegemeza kwenye kibanda changu cha funguo, likitazamana na mlango wa lile kanisa la mawe. Kwa hiyo na sisi tunakaa kanisani kila siku, ila kwa upande wa pili wa barabara na kikombe cha kahawa mkononi. Wageni wanaokuja kuona makanisa ya zamani ya mji huu huanza na lile la mnara, wakaenda la dari ya mbao, wakamalizia kwetu, maana kwetu ndiko iliko ile picha ya Karamu ya Mwisho iliyoenea ukuta mzima. Mlangoni pana kibao: Mchoraji hajulikani. Ufunguo wa mlango huo nimeuchonga mimi mwenyewe, na siku hizi nikitaka kuingia nakata tiketi kama waliotoka ng'ambo. Jina langu ni Funguo, au tuseme ndivyo wanavyoniita.

Asubuhi ile tulikuwa wanne. Mama Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, ndiye mwenye birika, kwa hiyo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Shemeji yake tunamwita Wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini, akibeba mafaili asiyoruhusiwa kuyafungua, na hakuna kesi ambayo haijui. Wa nne Seremala, mzee wetu, penseli sikioni hata siku asiyo na kazi.

Mtembeza wageni alitoka na kundi lake. Mama mmoja mwenye kofia pana alisimama mbele ya kibao, akaandika kitu kwenye kijitabu, akamuuliza swali, akajibiwa kwa kutikisiwa kichwa tu, wakaondoka. Wakili, ambaye masikio yake hayajastaafu, alitutafsiria.

— Anasema huyu Hajulikani alikuwa fundi mkubwa. Ameona jina lake makanisa yote matatu.

Tulicheka mpaka Mama Pindo akaweka birika chini. Seremala hakucheka. Aliendelea kukwaruza kwa ukucha lile tone la rangi ya bluu lililokauka mwisho wa benchi, pale alipokuwa akikaa Kopo.

Maana sisi mchoraji tunamjua. Kopo alikuwa mwandika mabango. Duka la nyama, kinyozi, ubavu wa lori, jina la marehemu msalabani, kila herufi mtaani ilikuwa mkono wake. Tulimwita Kopo kwa sababu ya lile kopo la rangi lenye mpini wa waya alilotembea nalo kila mahali. Mwaka paa la kanisa lilipovuja, plasta ya zamani ilidondoka na picha yake, na padri wa wakati ule akamwita Kopo achore upya. Alikaa juu miezi minane. Jukwaa alilosimamia lilijengwa na Seremala, na kila wiki Seremala alikwenda kulisogeza. Kisha padri akahamishwa, mchwa wakala karatasi zake, moshi wa mishumaa ukaizeesha picha, na wataalamu walipokuja wakasema ina miaka mia mbili. Kopo alikuwa ameshakufa. Seremala aliandikia ofisi ya mambo ya kale barua tatu. Hakujibiwa hata moja.

— Hawatakujibu, Wakili alisema. Asiyejulikana hana mtoto, hana mjane, hana kesi. Ndiyo maana wahenga wakasema mwenye macho haambiwi tazama. Anaambiwa kata tiketi.

— Wahenga hawakusema tiketi, nilimwambia.

— Walikuwa wanaingia bure.

Mama Pindo alikuwa na yake. Kwa maoni yake ofisi inajua vizuri, ila inaona haya. Nani atavuka bahari kuja kuona kazi ya mtu yule yule aliyeandika NYAMA IPO? Halafu, kama kawaida yake, akaileta habari kwenye shingo. Yule mtume kijana aliyekaa kuume kwa Bwana, shingo ile ni ya kwake. Kopo alimwomba asimame dirishani siku tatu, akidai anatazama mwanga.

— Uso ni wa mtume, alisema. Shingo ni mimi.

— Mimi ndiye Petro, Wakili alisema.

— Shemeji, masikio yako yako kwa Yuda. Nenda kaangalie.

Wakili alimeza hilo pamoja na kahawa, akapanda juu zaidi. Akasema hata tukibishana ni bure, maana picha yenyewe haipo. Iliondoka siku nyingi, ikabanduliwa ikakunjwa kama mkeka, na iliyobaki mle ndani ni nakala. Nikamuuliza ukuta unakunjwaje. Akasema mimi mtu wa funguo siwezi kuelewa mambo ya ukuta. Penye wengi hapaharibiki neno, akaongeza, na hakuna aliyejua limeingiaje.

Seremala akazungumza bila kutuangalia.

— Nyinyi mnacheka. Mimi nilimshikia ngazi miezi minane.

 Nasema kweli, iliniuma, kwa sababu kila alipoanza habari ile sisi tulikuwa na utani tayari. Mzee hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka neno moja pale kwenye kibao lifutwe, liandikwe jingine.

Ndipo akavuka barabara dada mmoja mwenye faili mkononi na viatu vya mtu anayetembea sana. Akatuamkia vizuri, shikamooni wazee wangu, akauliza ni nani kati yetu aliyeandika barua kuhusu picha. Wakili alikuwa ameshainuka, lakini dada alitoa barua zenyewe, zote tatu. Mwandiko wa penseli. Seremala alizitambua, akanipa kikombe nimshikie.

Dada alisema anatoka ofisi ya mambo ya kale. Vibao vyote vya makanisa vinabadilishwa, na cha hapa kinakwenda kuchapwa kesho. Barua alizikuta ndani ya kabati akitafuta kitu kingine. Alituomba radhi kwa hilo, na mimi sikuwahi kumsikia mtu wa ofisi akiomba radhi.

— Mzee wangu, mimi nataka kukuamini, alimwambia Seremala. Lakini wakubwa wangu watataka kitu cha kushika.

Seremala alifikiri kidogo.

— Chini ya meza, mguuni pa yule wa mwisho kushoto, pana chombo. Kitabu chenu kinasemaje?

Dada akafungua faili.

— Kinasema beseni la kunawia miguu.

— Beseni lina mpini wa waya? Nenda na tochi. Mpini umepinda upande mmoja, kwa sababu lilianguka kutoka jukwaani, nusura linipasue kichwa. Na ndani yake umetokeza mti wa brashi, urefu wa kidole.

Dada aliingia kanisani.  Mama Pindo alijaza vikombe vilivyokwisha kujaa, kahawa ikamwagika, asikemee mtu. Nilijikuta naomba, mimi ambaye siku hizi naonana na Mungu kwa tiketi. Dada alipotoka alikuwa na vumbi magotini.

— Lipo, alisema. Mpini umepinda. Na brashi ipo.

Mama Pindo alimshika Seremala mkono. Wakili akavua kofia. Dada akaketi nasi, pale pale mwisho wa benchi, juu ya lile tone la bluu, akaweka faili gotini na kufungua kalamu.

— Haya, wazee wangu. Jina lake nani?

— Kopo, tulisema sisi watatu, wote isipokuwa Seremala.

Alitabasamu.

— Hilo la mtaani. Nataka lake mwenyewe.

Nilimtazama Mama Pindo. Mama Pindo alimtazama Wakili. Wakili akasema lilikuwa linaanza na M, kisha akasema hapana, hilo lilikuwa la kinyozi. Dada akauliza ndugu. Alikuja mjini peke yake, akapanga chumba nyuma ya duka la karatasi, na duka lenyewe lilishabomolewa. Akauliza vitabu vya kanisa. Hakubatizwa hapa. Akauliza kibali cha kuzikia, maana mtu hazikwi bila karatasi, na hapo Wakili akainamisha kichwa.

— Kibali nilikifuata mimi. Karani aliniuliza jina, nikamwambia andika Bwana Kopo. Akagonga muhuri.

 Dada akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu:

— Na msalabani mliandika nini?

Seremala ndiye aliyejibu.

— Msalaba niliuchonga mimi, mwanangu. Mbao nzuri. Nikaupiga msasa, nikaacha nafasi ya jina. Lakini mtaa huu aliyekuwa anaandika majina ni yeye.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo nafasi ipo mpaka leo.

— Kinyozi hajinyoi, Wakili alisema.

Ilikuwa methali yake ya kwanza kukaa mahali pake tangu nimfahamu, na sote tulitamani asingeisema.

Dada alitazama saa, akatutazama. Alikuwa mtu mwema. Alitafuta mlango wa kututolea. Akasema anaweza kuandika Kopo, mwandika mabango wa mtaa huu. Ni bora kuliko hakuna. Mama Pindo akasema ndiyo, mwanangu, andika hivyo. Nami nikasema andika.

— Usiandike, Seremala alisema.

— Mzee wangu, kibao kinakwenda kesho.

— Siku aliyomaliza kazi alishuka jukwaani, akasimama karibu yangu. Akaniambia, wewe waambie wenzako pale kwenye benchi, mimi nina jina. Hili la kopo silipendi, nimelinyamazia tu. Kisha akalitaja jina lake.

— Akasema nani?



— Nilikuwa nang'oa misumari. Sikusikia vizuri. Nikamwambia haya, sawa, Kopo, shika ubao huku.

Hakuna aliyemlaumu. Ningemlaumu kwa lipi, mimi niliyekunywa naye kahawa miaka kumi na mmoja na hata msumari sikuwa nang'oa?

Dada alifunga kalamu. Akamwachia Seremala namba ya ofisi, akasema likipatikana jina, hata baada ya mwaka, yeye atapigania kibao kibadilishwe. Kwa sasa kitachapwa kama kilivyo. Alituaga kwa heshima zote, akavuka barabara, faili kwapani. Barua tatu alimrudishia mwenyewe.

Mama Pindo aliinamisha birika. Lilitoa machicha tu.

Baadaye kidogo mtembeza wageni akaja na kundi jingine. Akawasimamisha mlangoni, akaonyesha kibao, akasema maneno yake ya kila siku, mchoraji hajulikani. Siku zote tukilisikia neno hilo tunaguna kwa pamoja, wageni wakageuka kututazama. Safari hii hakuna aliyeguna. Kibao hakikuwa kinasema uongo.

Wakili akaondoka bila kuaga. Mama Pindo akarudi kwenye cherehani yake, lakini sikuisikia ikilia. Tukabaki wawili. Nilimtazama Seremala, penseli sikioni, zile barua zimekunjwa kwenye mfuko wa shati, na nikahesabu tumekaa pamoja kwenye benchi lile miaka mingapi. Aliyenichongea mlango wa kibanda ni yeye. Mama yangu alipofariki, jeneza ni lake. Nikaona aibu hata kufungua mdomo, lakini nikaufungua.

— Mzee wangu, samahani. Jina lako wewe nani?

Alinigeukia, akanitazama kwa muda mrefu, bila hasira.

— Leo ndiyo unauliza, alisema.

Akachukua kikombe chake, akakikung'uta machicha, akanikabidhi. Kisha akavuka barabara kwenda kupanga foleni ya tiketi.