Mguu wa Silvano na Mbuzi wa Kiberege

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mnapeta mchele endeleeni kupeta, masikio yenu yanatosha. Leo tunamkumbuka Silvano wa Kiberege. Mchezaji wa mpira. Winga wa kulia. Alikufa akiwa na miaka ishirini na minne, na mwezi huu ametimiza mwaka kaburini.

Kipindi hiki amekiomba dada yake, Brigitha. Alikuja mwenyewe hapa kituoni Ifakara, akakaa, akakataa soda, akatoa sharti moja. "Msimpake mafuta," alisema. "Na hao wengine msiwapake. Semeni kama ilivyokuwa." Basi tutasema kama ilivyokuwa. Atakayeumia na aumie.

Brigitha anauza mchele katika soko la Kiberege. Mama yao alipofariki, Silvano alikuwa hajaanza shule, na Brigitha ndiye aliyemlea. Mtoto alikuwa na mbio. Akitumwa chumvi dukani anarudi sufuria haijachemka. Akipewa mpira anawaacha wenzake wamesimama kama mahindi shambani. Alipokua, timu moja ya ligi kuu ikamchukua, akaenda Dar es Salaam, akawa mchezaji wa kulipwa. Naomba mlishike hilo, wasikilizaji. Fundi ana cherehani yake, mkulima ana jembe, Silvano alikuwa na mguu. Mguu ule ulikuwa kazi yake.

Hakuwa malaika. Alipenda sifa. Akija likizo anapita sokoni asubuhi, anapita mchana, anapita jioni, hanunui hata kitunguu, anataka tu kuitwa jina. Lakini dada yake alimheshimu. Kabla hajatua begi, "Shikamoo dada," halafu anafunua sufuria kuona kama kuna samaki, perege.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ligi ilisimama na wachezaji wakapewa mapumziko. Mkataba wa Silvano ulisema wazi kwamba haruhusiwi kucheza mpira popote nje ya timu yake. Iwe bonanza, iwe mtaani, haruhusiwi. Alimweleza dada yake wakiwa jikoni.

"Dada, mimi hapa ni kula na kulala. Nikicheza hovyo nikaumia, wananiacha. Na msimu huu kocha kaniahidi kikosi cha kwanza."

Brigitha alifurahi. Alichukua viatu vya mpira vya mdogo wake, akavifukia ndani ya kiroba cha mpunga, akafunga kamba juu. "Vitalala humo mpaka siku ya safari," akasema.

Sasa twende kwa mabingwa wetu.

Kiberege mavuno yakiisha kuna mechi. Waliooa dhidi ya makapera, na zawadi ni mbuzi. Mchezo wenyewe ni mzuri, hatuupingi. Wanaume wenye vitambi wanakimbia hatua chache wanashika magoti, wake zao wanacheka, jioni mbuzi analiwa. Lakini makapera wa Kiberege wana mwenyekiti, anaitwa Egidius. Huyu ni mtu mzima, ana mvi kidevuni, hajaoa kwa sababu, anavyodai, bado hajatokea wa hadhi yake. Makapera walikuwa wamefungwa mwaka juzi na mwaka uliotangulia, na aibu hiyo ilimkaa Egidius moyoni kama njaa inavyowakaa wengine tumboni. Aliposikia Silvano yuko nyumbani, akaunda ujumbe.

Hebu waoneni. Wanaume watano, mashati ya Jumapili yamepigwa pasi, wanakwenda kumbembeleza mchezaji wa ligi kuu awasaidie kupata mbuzi.

"Dogo, dakika kumi tu," alisema Egidius. "Watu wakuone."

"Kaka, mkataba unakataza."

"Huo mkataba wa Dar. Huku nani atakuona?"

Mdomo uleule, wasikilizaji. Watu wamwone, na hakuna atakayemwona. Egidius hakusikia alichokisema, na wenzake wanne walitikisa vichwa kukubali.

Brigitha alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Egidius, huyu mtoto anakula kwa huo mguu. Ukivunjika utampa wako?"

"Dada Brigitha, ni kirafiki tu. Nani atamvunja?" Kisha akamgeukia Silvano. "Au ndiyo umeshakuwa wa mjini? Mkataa kwao mtumwa, dogo."

Hapo alimpata. Katika bonde letu unaweza kumwita mtu mwizi akacheka. Mwambie anajidai, kasahau kwao, hatakula akashiba. Tunalijua neno hilo na tunajua pa kumchomea mtu. Kijana akiinuka kidogo tunamshika shati, tunaita upendo.

Siku ya mechi Silvano alimuaga dada yake kwamba anakwenda kutazama. Alikwenda na kandambili. Viatu vilikuwa kwenye mpunga. Egidius akawa keshajiandaa, kaazima viatu kwa mtu, vinabana, soli moja imeanza kuachia. Umati ukaimba jina la Silvano. Na Silvano, tumesema, alipenda kuitwa jina.

Uwanja wenyewe mnaujua. Masika ng'ombe wanapita pale kwenda kunywa maji, kwato zinazama kwenye tope. Kiangazi tope linakauka na yale matundu yanakuwa magumu kama tofali. Wenyeji wanacheza wanatazama chini. Silvano alikuwa amezoea nyasi za mjini. Alicheza anatazama mbele.

Alifunga goli. Goli zuri, hatumnyimi. Simu zikainuliwa uwanja mzima, watu wazima wanarekodi huku wanapiga kelele. Zile dakika kumi zilikuwa zimeisha. Silvano akaanza kutoka.

"Bado!" Egidius akapaza sauti. "Tano tena! Wanataka kukuona!"

Alirudi. Akapokea mpira, akageuka, mguu wa kulia ukaingia kwenye tundu la kwato. Mguu ukabaki, mwili ukaenda.

Brigitha alikuwa sokoni anapima mchele. Alikuwa amesikia kelele za goli. Sasa akasikia kimya. "Nilijua," alituambia. "Uwanja wa mpira haunyamazi hivyo." Aliacha mizani na mteja wake pale pale, akakimbia.

Wakati anafika, mechi ilikuwa inaendelea. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Walimvuta kijana pembeni, wakamwekea kanga ya mtu chini ya kichwa, wakarudi kucheza. Kulikuwa na mbuzi. Makapera walishinda moja bila.

Kutoka Kiberege kuja hospitali Ifakara ni safari fupi ya lami, hata bajaji inafika. Brigitha akataka gari. Egidius akasema hapana, hospitalini atatambuliwa, maneno yatasambaa, timu itajua. Na Silvano mwenyewe, jasho linamtoka, akamshika dada yake upindo wa kanga. "Dada, nakuomba. Wakijua nimekwisha. Nifichie."

Akafichiwa. Akaitwa mzee wa kukanda. Maji ya moto, chumvi, majani. Mguu uliovunjika ukakandwa asubuhi, ukakandwa jioni, kijana anauma shuka asipige kelele, majirani wasisikie. Na wakati huohuo video ya lile goli ilikuwa inazunguka kwenye simu kutoka Kidatu mpaka Mlimba. Aliyeituma wa kwanza ni nani? Egidius. Aliandika juu yake, "Winga wetu huyo!" Kwa hiyo mguu ulifichwa daktari peke yake. Timu iliiona video kabla ya wiki kuisha. Meneja akapiga simu, akapiga tena. Silvano alikuwa anaitazama simu inaita.

Brigitha alipomwambia sasa hakuna cha kuficha, twende hospitali, Egidius na wenzake walisema mzee wa kukanda keshauona mfupa unarudi. Tusubiri kidogo. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio kilifika Jumapili asubuhi. Silvano aliinuka na fimbo akanawe uso, akasimama mlangoni, akashika kifua. "Dada," alisema, "pumzi." Basi. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Gari likapatikana mara moja, na sasa hakuna aliyesema hospitali hapana. Walikuwa hawajafika Kibaoni, pa kuingilia Ifakara, alipokata roho, kichwa chake kikiwa mapajani kwa dada yake.

Daktari alimweleza Brigitha polepole, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakusikia. Mfupa uliovunjika haukandwi. Damu iliganda mguuni, na kipande cha damu ile kikasafiri mpaka kwenye mapafu. Angeletwa siku ileile, angefungwa plasta, angepewa dawa, angekosa msimu mmoja. Tunarudia, wasikilizaji. Silvano angekosa msimu mmoja.

Msibani walikaa wazee na watu wazima wakasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Walisema bila aibu, wanakula wali wa msiba. Mkuu yupi? Wakuu ndio waliomwambia acheze! Aliyemkataza alikuwa mwanamke mwenye mwiko, na huyo hawakumhesabu. Egidius alilia kuliko wote. Alilia mpaka akashikwa mikono miwili na kupelekwa kukaa. Brigitha alimtazama, akageuza uso.

Mngedhani yaliishia hapo.

Mwezi huu ule ujumbe ulirudi kwa Brigitha, mashati yaleyale. Mechi ya mwaka huu, walisema, itaitwa Kombe la Kumbukumbu ya Silvano. Uwanja uleule. Mbuzi pia yupo. Na ili kumuenzi marehemu ipasavyo, wamemwalika Nassib wa Kibaoni hapa Ifakara, beki wa ligi kuu, yuko nyumbani kwa mapumziko. Tangazo lao walilileta hata hapa kituoni tulisome. Hatukulisoma. Brigitha walimwomba awe mgeni rasmi.

Brigitha aliuliza jambo moja. "Nassib kakubali?"

"Mwanzoni alisumbua, dada. Tumezungumza naye. Dakika kumi tu."

"Nitakuja," alisema Brigitha.

Alikuja. Watu wamejaa, makapera wana jezi mpya zenye sura ya Silvano kifuani, Nassib keshafunga kamba za viatu. Mshereheshaji akamtangaza mgeni rasmi, kiti kimepambwa kitenge. Brigitha hakukitazama. Kwapani alikuwa na mkeka, ule wa msiba, waliokalia wanawake nyumbani kwake mwaka jana. Alikwenda moja kwa moja golini. Akautandika katikati ya milingoti, akavua kandambili, akakaa, akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani.

Mnajua desturi. Mfiwa akikaa mkekani haondolewi. Unakwenda, unainama, unatoa pole, unakaa. Refa alifika na filimbi mdomoni, akaitoa, akasema, "Pole, dada."

Egidius akaja mbio. "Dada Brigitha, jamani, tunamuenzi mdogo wako!"

"Na mimi namlilia. Kaa."

Hakukaa. Akabaki pale anageukageuka na jezi yake. Paskalina, anayeuza nyanya karibu na Brigitha sokoni, akavuka uwanja, akavua viatu, akakaa mkekani. Wakafuata wengine, mpaka goli likajaa wanawake. Basi katika kamati ya mechi akatokea mwerevu mmoja akashauri wacheze kwa goli moja. Kweli alisema hivyo, tumethibitisha. Wake za waliooa wakamsikia, wakainuka, wakaenda kulikalia la pili.

Nassib alikuja akiwa na viatu vyake vya kazi. Akainama. "Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, baba. Mguu mzima?"

"Mzima, mama."

"Basi vua hivyo viatu. Upeleke mguu wako kazini, na wakikuita mtumwa, itika, uendelee na safari."

Nassib alivua palepale, machozi yakimtoka mbele ya umati. Akavuka uwanja peku, anatazama chini. Wiki hii amerudi kambini kwa timu yake, mzima, na ametutumia salamu za kipindi hiki. Anasema asingekuta mkeka ule, angecheza. Anasema alikuwa anaogopa kuonekana anajidai.

Wasikilizaji wapendwa, kwa dada Brigitha na ukoo wote wa marehemu, poleni. Poleni tena. Mungu ampumzishe Silvano, winga wa kulia, aliyekufa na miaka ishirini na minne kwa ajili ya mbuzi. Viatu vyake bado vimo kwenye kiroba cha mpunga, kamba haijafunguliwa.

Kwa ninyi wengine tuna la kutafakari, na ni dogo, mtaliweza. Mwaka mzima kamati imekutana. Imechagua rangi ya jezi, imechagua mbuzi, imemchagua mshereheshaji. Tuko katika bonde la wakulima, kila nyumba ina jembe nyuma ya mlango. Jana mwenzetu alipita Kiberege, akatembea mpaka upande wa kulia wa uwanja, mahali Silvano alipoanguka. Lile tundu bado lipo.